Kadi 75, rangi tatu na Silver isiyovukika: jibu kwa mchezaji mpya wa MTG Arena

SWALI: Nina wiki tatu tangu nianze kucheza Magic: The Gathering Arena. Pakiti zote za bure nimeshazifungua, na waildikadi zangu (kadi unazozigeuza kadi yoyote ya daraja lake) nimezitumia kwa kadi zilizonivutia. Zimebaki za daraja adimu tatu tu. Deki yangu ina kadi 75, ardhi 25 (kadi zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine), rangi tatu. Nacheza mechi za mchezo mmoja, nimekwama ngazi ya Silver, nafungwa mara nne kati ya tano, na mara nyingi ardhi hazinijii kabisa. Sina mpango wa kutumia hela. Je, mchezo huu ni wa wanaolipa tu? Nifute akaunti nianze upya?

JIBU: Akaunti usiifute, na hela yako ibaki mfukoni. Kinachokufunga umekiandika mwenyewe: kadi 75, ardhi 25, rangi tatu. Kila namba kati ya hizo inakuibia ushindi kwa njia yake, na zote unaweza kuzirekebisha leo jioni bila kununua chochote.

Tuanze na 75. Sheria ya Standard, mfumo wa kucheza kwa seti za karibuni, inataka deki isiyopungua kadi 60, na kila kadi isizidi nakala nne, ardhi za msingi zikiwa nje ya kikomo hicho. Mgeni akisoma "isiyopungua 60" anaona ruhusa ya kuongeza. Mzoefu anaona 60 kamili, basi. Chukua kadi yako bora kuliko zote, weka nakala nne. Ndani ya deki ya 60 utaikuta kwenye mkono wa kwanza wa kadi saba mara 40 katika michezo 100. Ndani ya deki ya 75 utaikuta mara 33. Na kama umeweka nakala moja moja, kama wafanyavyo wengi wanaopenda kila walichokifungua, kila kadi utaiona chini ya mara 12 hata kwenye deki ya 60. Kadi ya 61 unayoiongeza kwa kuwa "nayo ni nzuri" inaisogeza mbali nawe ile iliyo nzuri zaidi yake.

Ardhi 25 katika 75 ni theluthi. Deki ya kawaida ya 60 hubeba ardhi 24, yaani asilimia 40. Zile za kasi hushuka hadi 22 au pungufu kidogo kwa sababu kadi zake ni za bei ya chini. Ukichanganya kadi na kuvuta saba kwa bahati tupu, deki ya 24 kwa 60 itakupa mkono wenye ardhi moja au usio na ardhi kabisa mara 14 katika 100. Deki yako inakupa mkono huo mara 25, robo nzima ya michezo. Ni kweli kwamba kwenye mechi za mchezo mmoja Arena huvuta zaidi ya mkono mmoja kwa siri, ikakupa ule ulio karibu na uwiano wa deki yako. Lakini uwiano wenyewe ni wako. Ukiiwekea theluthi, itakutafutia mkono wa theluthi, na baada ya hapo kila kadi unayovuta ni bahati isiyosaidiwa na mtu. Mchezo haukuonei. Unakupa ulichokiweka.

Rangi tatu ndiyo gharama kubwa zaidi, na hii wengi hawaioni. Sema umegawa ardhi za msingi 24 sawa kwa sawa: nane nyekundu, nane nyeusi, nane za kijani. Uwezekano wa kuwa na angalau chanzo kimoja cha rangi nyekundu kwenye mkono wa kwanza ni asilimia 65. Maana yake theluthi ya michezo unaanza huku kadi zote nyekundu mkononi ni karatasi tu, na hesabu hiyohiyo inarudia kwa nyeusi na kwa kijani. Wanaocheza rangi tatu wakashinda wanatumia ardhi zitoazo rangi mbili, na zile zinazoingia mezani bila kukuchelewesha karibu zote ni za daraja adimu, zenye alama ya dhahabu. Deki ya namna hiyo hubeba 12 au zaidi.

Hebu tuipigie hesabu kwa mfuko wako. Pakiti moja dukani ni sarafu 1,000. Kila pakiti 6 unazofungua, gurudumu la waildikadi linakupa moja ya juu, kwa kawaida ya daraja adimu. Ukitegemea gurudumu hilo tu, ardhi 12 zinadai pakiti zisizopungua 72, na kwa mchezaji asiyelipa pakiti huja takriban moja kwa siku. Hiyo ni zaidi ya miezi miwili kwa ajili ya ardhi peke yake, kabla ya kiumbe hata mmoja.

Hapa ndipo lilipo jambo nililotaka ulishike kuliko yote. Kwenye Arena huwezi kubadilishana kadi na mchezaji mwingine, na huwezi kuivunja kadi usiyoitaka upate malighafi ya kutengeneza nyingine, kama inavyowezekana kwenye Hearthstone, mchezo mwingine wa kadi. Waildikadi ikishageuka kadi, imekwenda. Marufuku rasmi ndiyo inayoweza kukurudishia: kadi ikifungiwa, mchezo kwa kawaida hukupa waildikadi za daraja lake kufidia. Kwa hiyo mali yako ya kweli ni waildikadi, na mgeni asiyelipa anazo za kutosha deki moja. Moja tu. Waliokupita Silver bila kulipa hawakupata bahati kubwa kuliko yako. Walizielekeza zote sehemu moja.

Deki hiyo moja iwe ya rangi moja. Kwa hali yako ningechukua nyekundu ya kasi: ardhi zake ni Mountain tupu zisizogharimu kitu, kadi zake nyingi muhimu ni za madaraja mawili ya chini (alama nyeusi na ya fedha), na michezo yake ni mifupi, jambo ambalo utalishukuru ukicheza kwa bando. Mgawanyo wa kuanzia ni huu: Mountain 22, viumbe vya mana moja 10, vya mana mbili 12, vya mana tatu 6, na kadi za kuchoma (zinazopiga madhara moja kwa moja) za bei ya chini 10. Jumla 60. Usiweke kitu cha mana tano hata kama ni joka linalokutazama kwa huruma. Kwa ardhi 22 hutaifikia mana ya tano kwa wakati, na deki hii inatakiwa iwe imeshamaliza kazi kabla.

Kadi za kuchoma zianze na Burst Lightning. Ni ya daraja la kawaida, inagharimu mana moja nyekundu na kupiga madhara 2, na ukiiongezea mana nne inapiga 4. Imo kwenye seti ya Foundations iliyotoka Novemba 2024, na seti hiyo ina sifa ambayo mwenye mali kidogo anapaswa kuijua: imetangazwa kubaki halali Standard hadi angalau 2029, wakati seti za kawaida hudumu karibu miaka mitatu kisha zinatoka. Ukilazimika kuchagua kati ya kadi mbili zinazolingana, ipe waildikadi ile ya Foundations.

Orodha kamili usiibuni, inakili. Tovuti kama MTGGoldfish huchapisha deki zinazoshinda. Tafuta ya bei nafuu, nakili maandishi yake, kisha kwenye ukurasa wa Decks bofya Import. Arena itakuonyesha kadi ulizonazo na idadi ya waildikadi zinazohitajika kabla hujatumia hata moja. Angalia tarehe ya orodha. Juni 30, 2025 kadi saba zilifungiwa Standard kwa mkupuo, na nyekundu ndiyo iliyoumia: Monstrous Rage na Heartfire Hero, nguzo mbili za deki za kasi, zote zilikwenda. Orodha ya kabla ya siku hiyo ni kichwa bila miguu. Angalia pia kama ni ya mchezo mmoja au ya michezo mitatu, maana ya pili imepangwa ikitegemea kadi za akiba ambazo wewe hutazitumia. Na ukikuta inadai kadi adimu nane nawe unazo tatu, tengeneza kwanza zile zenye nakala nne kwenye orodha, tena za mana moja na mbili. Mapengo yajaze kwa viumbe vyekundu vya bei hiyohiyo ulivyonavyo. Kiumbe dhaifu kinachotoka zamu ya kwanza kinakufaa kuliko kadi nzuri ya rangi nyingine.

Sasa mkono wa kwanza, mahali ambapo Silver nzima inapoteza michezo bila kujua. Kurudisha mkono, yaani mulligani, si aibu. Unavuta saba upya, kisha unaweka moja chini ya rundo; ukirudisha mara ya pili, unaweka mbili. Swali la kujiuliza: zamu tatu za kwanza nitafanya nini? Mkono wenye ardhi mbili au tatu na kadi za mana moja na mbili, baki nao. Ardhi mbili kwa deki ya 22 zinakupa nafasi ya asilimia 62 ya kupata ya tatu kwa wakati ukianza wewe, na 77 ukianza mwenzako, kwa kuwa unavuta kadi moja zaidi. Na kwa deki hii ardhi mbili bado zinakuruhusu kucheza. Ardhi moja ni habari nyingine: ukianza wewe, nafasi ya kuwa na ya pili zamu ya pili ni asilimia 40. Rudisha, hata kama zile kadi sita nyingine ni tamu. Ardhi tano na vitu viwili, rudisha pia, isipokuwa vitu hivyo ni vizuri mno na mwenzako ndiye anaanza.

Baada ya hapo ni mchezo wenyewe, na makosa ya wageni ni yaleyale.

La kwanza ni kushusha kiumbe kabla ya kushambulia. Shambulia kwanza ukiwa na kadi mkononi na mana zako hazijaguswa, ili mpinzani azuie akiwa haelewi umebakiza nini. Kiumbe kishushe baada ya mapigano, ila kama kinaweza kushambulia zamu hiyohiyo au kinawaongezea nguvu wenzake.

La pili ni kuchoma kila kinachotokea. Mpinzani akishusha kiumbe cha 1/1 (nguvu 1, ugumu 1) nawe ukakipiga Burst Lightning, mara nyingi umepoteza. Choma kile kinachokuzuia kupita au kinachozalisha faida kila zamu. Llanowar Elves (kiumbe kinachotoa mana) zamu ya kwanza ichome palepale, kwa sababu inamtanguliza mwenzako zamu nzima ya mana. Ikitokea zamu ya sita iache. Na kuanzia pale alipobakiza pointi 6 za uhai, acha kuangalia viumbe vyake na anza kuhesabu kadi zako za kuchoma usoni mwake.

La tatu ni kutopiga hesabu ya mbio. Kila mchezaji anaanza na 20. Tuseme mwenzako amebaki na 12, viumbe vyako vinavyopita vinapiga 6 kwa zamu: zamu mbili. Wewe una 9, vyake vinapiga 4: zamu tatu. Zamu ni yako? Usizuie, usibaki nyuma, shambulia na vyote, huku ukiangalia kama ana mana za kutosha kukushangaza. Wageni huzuia kwa woga wakiwa mbele, wakampa mwenzao muda ambao ndio pekee anaouhitaji. Deki nyekundu ikicheza kwa kujilinda haina cha kujitetea.

La nne, kumwaga mkono wote mezani. Mpinzani mwenye rangi nyeupe na ardhi nne anaweza kuwa na Day of Judgment, inayofyeka viumbe vyote kwa mana nne. Ukiwa na viumbe vitatu vinavyotosha kummaliza baada ya zamu mbili, cha nne kisichopunguza zamu hizo kibaki mkononi. Kama cha nne kinammaliza zamu moja mapema, kishushe. Kanuni ni hiyo: hesabu zamu, usihesabu viumbe.

Kuna pia mambo ya programu yenyewe. Arena hukuchagulia ardhi za kulipia kadi, na ukiwa na rangi zaidi ya moja inaweza kukuachia isiyofaa; gusa ardhi mwenyewe kwanza, kisha cheza kadi. Kwa rangi moja hutasumbuka. Pia huruka hatua ambazo inadhani huna la kufanya, kwa hiyo kama unataka kuchoma wakati wa zamu ya mwenzako, weka kituo kwenye hatua hiyo kwa kugusa alama zake mapema. Kwenye kompyuta kitufe cha Ctrl kinakupa udhibiti kamili, na Enter inapitisha zamu nzima, hivyo usiizoee kidole. Na tazama mchezo unaposita kidogo baada ya wewe kucheza kadi: mara nyingi mwenzako ana kitu cha kujibu na mana za kukilipia. Anayecheza karata barazani anazijua dalili za usoni; hapa uso ni huko kusita. Mtandao ukikatika, fungua programu upesi, mechi bado ipo na kamba ya muda inaendelea kuungua. Masasisho yapakue kwenye wifi, ni mazito.

Mapato ya kila siku yako hivi. Kazi ya siku inalipa sarafu 500 au 750. Unaruhusiwa kubadilisha moja kila siku, basi ya 500 ibadilishe ukitafuta ya 750, hasa ikiwa inataka rangi ambazo deki yako haina. Kazi hujikusanya hadi tatu, kwa hiyo huhitaji kuingia kila siku; mara tatu kwa wiki hazikupotezei kazi. Ushindi wa kwanza wa siku unalipa 250, na mitatu inayofuata 100 kila mmoja. Baada ya ushindi wa nne sarafu zinakuwa za kuokota, hivyo kama huna hamu ya kuendelea, acha hapo. Kazi ya 500 na ushindi minne ni 1,050, ndiyo ile pakiti moja kwa siku. Nunua pakiti za seti moja unayoijenga, usitawanye: kadi adimu uliyokwisha kuwa na nne zake hairudii mpaka umalize adimu zote za seti hiyo, na hivyo kila pakiti inazidi kuwa na thamani.

Tukio la Jump In! ninalipendekeza kwa mtu wa wiki tatu. Kiingilio ni sarafu 1,000, unachagua mafungu mawili ya kadi, unacheza, na kadi zote zinabaki zako. Halisogezi gurudumu la waildikadi, lakini kwa kujaza kadi za madaraja ya chini halina mpinzani. Drafti (mashindano ya kujenga deki kwa kadi unazochagua papo hapo kutoka kwenye pakiti) ziache kwanza. Quick Draft inadai sarafu 5,000 au vito (fedha ya pili ya mchezo) 750, inakutoa ukipoteza mara tatu, na unahitaji ushindi sita ili vito vyako virudi. Premier Draft ni 10,000 au vito 1,500 na inadai ushindi mitano. Mtu anayeshinda mmoja kati ya mitano kwenye Silver atazimwaga sarafu za siku tano kwa saa moja. Utakapoingia, kumbuka deki ni kadi 40 na ardhi 17.

Kuhusu kulipa: umesema huna mpango, na huna haja. Ila ukija kubadilisha mawazo siku moja, pasi ya msimu ya vito 3,400 inunue mwishoni mwa msimu, si mwanzoni. Zawadi zake hulipwa kwa ngazi zote ulizokwisha kupanda, kwa hiyo unajua unachopata kabla ya kutoa. Akaunti za kuuzwa mitaani na kwenye magrupu usiguse. Masharti ya mchezo hayaruhusu kuuziana akaunti, na ikifungwa hakuna wa kumlalamikia.

Mechi za michezo mitatu, zenye kadi 15 za akiba, ndizo zinazopima ustadi, na kwenye ngazi ushindi wake unahesabiwa mara mbili. Lakini kadi 15 ni waildikadi nyingi. Fika Gold kwanza. Ukishafika, msimu huo hutarudi tena Silver hata ukifungwa mfululizo, na hapo utajaribu kwa utulivu. Ngazi husogezwa nyuma kila mwezi, hivyo usiikimbilie siku ya mwisho.

Cheza deki mpya michezo 20 bila kubadilisha kadi hata moja. Kila mchezo andika vitu vitatu kwenye simu: nani alianza, ardhi ngapi mkono wa kwanza, na kama umefungwa, zamu ya ngapi na kadi zipi zilibaki mkononi. Kadi ileile ikibaki mkononi michezo mitano, itoe. Ukifungwa mara nyingi baada ya zamu ya nane, mwenzako akiwa amebaki na pointi tatu au nne, ongeza kadi mbili za kuchoma na toa viumbe viwili vya mana tatu. Ukifungwa zamu ya nne au ya tano, tatizo liko kwenye mikono unayobaki nayo. Irudie hesabu ya ardhi moja na ardhi mbili hapo juu kabla ya kugusa deki.